BARUA YA BWANA SHAMBA: Kijana Aliyechora Walaji wa Viazi

 Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani. Mwezi huu nilikusudia kuendelea na habari za ghala. Lakini kuna jambo limenishika, na siwezi kuliacha lipite.

Wiki chache zilizopita nilikwenda katika kijiji kimoja kutazama maharage. Tulipomaliza shamba, mzee mwenye shamba alinivuta pembeni, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Ukuta mzima ulikuwa umechorwa kwa mkaa. Palikuwa na ng'ombe wawili, mama anatwanga, na mzee mwenyewe ameinamia jembe. Miguu ya ng'ombe mmoja ilikuwa imepinda vibaya. Lakini mgongo wa yule mzee, ndugu msomaji, ulikuwa mgongo wake kabisa. Ningeutambua hata barabarani.

"Bwana Shamba," mzee akaniambia, "mwanangu huyu ana miaka 26. Nilimpeleka kwa fundi seremala, akarudi. Nikampeleka mjini auze dukani kwa mjomba wake, akarudi. Sasa anachafua ukuta. Wewe umesoma. Mwambie aache."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Mimi sikumwambia aache, wala sikumwambia aendelee. Nilisema nitafikiri kwanza. Mzee hakufurahi.

Nimefikiri. Nilipokuwa chuo cha kilimo niliona katika kitabu picha ya watu watano wanaokula viazi. Sijaisahau mpaka leo. Baadaye nilitafuta habari za mtu aliyeichora, nikakuta kwamba naye alirudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi kuliko kijana huyu. Basi mwezi huu nakusimulia habari zake, hasa za ujana wake. Mzee wangu naye atasomewa.

Mtu huyo aliitwa Vincent van Gogh. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika kijiji cha Zundert, nchi ya Uholanzi, huko Ulaya. Baba yake, Theodorus, alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la Kiprotestanti mahali ambapo watu wengi walikuwa Wakatoliki. Mama yake aliitwa Anna. Mama huyu alijua kuchora maua kwa rangi za maji.

Vincent alikuwa mkubwa wa watoto sita walioishi. Nasema walioishi, kwa sababu mwaka mmoja kabla yake, tarehe ile ile 30 Machi, alizaliwa mtoto mwingine hali amekwisha kufa. Naye alipewa jina la Vincent. Alizikwa karibu na kanisa la baba yake, na jiwe la kaburi likaandikwa Vincent van Gogh. Basi mtoto huyu alikua mahali palipokuwa na kaburi lenye jina lake.

Mwaka 1857 alizaliwa mdogo wake aliyeitwa Theo. Likumbuke jina hilo, tutakutana nalo tena.

Ardhi ya Zundert ilikuwa ya mchanga na haina rutuba. Wakulima walilima viazi na nafaka. Wakulima wa nchi ile walikuwa na ufundi mmoja ambao mimi, kwa kazi yangu, siwezi kuupita bila kuutaja. Walikwenda porini, wakakata tabaka la juu la ardhi pamoja na vichaka vyake vifupi, wakalitandika zizini. Mifugo ikalala juu yake, ikanyea na kukojoa. Kisha wakaitoa samadi ile na kuipeleka shambani. Walifanya hivyo kwa mamia ya miaka, mpaka mashamba yakainuka juu kuliko pori. Nimekwisha sema sana katika barua hizi juu ya samadi. Leo sisemi zaidi.

Katika mashamba hayo na pori hilo mtoto Vincent alitembea peke yake. Hakupenda sana kucheza na wenzake. Alikamata wadudu wa majini, akawapanga katika sanduku lililotandikwa karatasi nyeupe. Juu ya kila mdudu aliandika jina lake la kitaalamu. Alijua mahali ndege walipojenga viota. Viota aliendelea kuvipenda, na alipokuwa mtu mzima alivichora kwa rangi, kimoja kimoja, kama mtu mwingine anavyochora picha ya mfalme.

Mwaka 1864, alipokuwa na miaka 11, wazazi wake walimpeleka shule ya bweni. Walimfikisha kwa gari la farasi, wakamwacha. Alisimama kwenye ngazi za shule akilitazama gari linavyokwenda mbali katika barabara iliyolowa mvua. Alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba hakuisahau saa ile.

Mwaka 1866 alihamia shule ya mji wa Tilburg. Alisoma lugha kadhaa, na palikuwa na mwalimu mzuri wa kuchora. Lakini Machi 1868, kabla ya kumaliza, aliacha shule akarudi nyumbani. Alikaa zaidi ya mwaka mzima bila kazi maalumu.

Hapa ndipo mambo ya mjomba na duka yanapoanza. Kwao alikuwa ni baba mkubwa, naye pia akiitwa Vincent. Alikuwa na hisa katika kampuni kubwa ya kuuza picha. Mwaka 1869 alimtafutia kijana kazi katika duka la kampuni hiyo mjini The Hague. Alikuwa na miaka 16. Alifanya vizuri. Mwaka 1873 alihamishiwa London, kisha Paris. Kila siku aliona picha za kila namna, na alizikumbuka kama wewe unavyokumbuka ng'ombe wako. Lakini London alimpenda binti wa mama aliyempangisha chumba, binti akakataa. Tangu hapo hakuwa na furaha na kazi. Akaanza kubishana na wanunuzi, akiwaambia picha wanayoitaka haifai. Mwenye duka yeyote anajua mwisho wa mambo hayo. Tarehe 1 Aprili 1876 akaachishwa kazi.

Akaenda Uingereza kufundisha watoto, mwanzoni kwa chakula na malazi tu, bila mshahara. Akarudi. Mwaka 1877 akafanya kazi katika duka la vitabu huko Dordrecht kwa miezi michache. Akaacha. Sasa alitaka kuwa mchungaji kama baba yake. Jamaa zake wakamweka Amsterdam asome Kilatini na Kigiriki ili aingie chuo kikuu. Alisoma mwaka mmoja na kidogo, akaona hayaendi, akaacha. Akajaribu chuo cha wahubiri Ubelgiji kwa miezi mitatu. Hawakumkubali.

Mimi nikihesabu kazi hizi nachoka. Fikiria baba aliyekuwa akilipa.

Desemba 1878 alikwenda mwenyewe katika wilaya ya Borinage, Ubelgiji, kwenye migodi ya makaa ya mawe. Makaa ya mawe ni mawe meusi yanayochimbwa chini sana ardhini, na yanawaka kama mkaa wetu ila kwa nguvu zaidi. Siku zile viwanda na magari moshi ya Ulaya yaliendeshwa kwa makaa hayo. Waliochimba walikuwa wanaume, wanawake na hata watoto. Walitoka mgodini nyuso nyeusi, wanakohoa. Januari 1879 Vincent alipewa kazi ya kuwahubiria kwa muda wa miezi sita.

Aprili 1879 alishuka nao mgodini. Alishuka katika ndoo kubwa, kama ndoo ya kisima, kiasi cha mita 700 chini ya ardhi. Ukitazama juu kutoka huko, mwanga wa jua unaonekana mdogo kama nyota. Alikaa huko chini karibu saa sita, akiwatazama watu wamelala ubavu katika mashimo membamba, wanagonga jiwe kwa taa ndogo. Mwezi huo huo mgodi mwingine wa karibu ulilipuka kwa gesi, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Vincent hakuweza kukaa juu ya mambo haya na kuyatazama tu. Alitoa nguo zake akawapa wachimbaji. Aliacha chumba kizuri alichopangishiwa, akalala kibandani juu ya majani makavu. Aliwauguza walioungua na wenye homa. Ungefikiri wakubwa wake wangefurahi. Hawakufurahi. Walisema mhubiri hapaswi kuwa mchafu namna ile, tena hajui kuhutubia vizuri. Julai 1879 wakamwachisha.

Sasa alikuwa na miaka 26, ndugu msomaji. Umri wa kijana wa ukutani.

Theo, yule mdogo wake, alikuwa amefuata kazi ya kuuza picha na amefanikiwa. Alikuja kumtazama kaka yake, akamwambia maneno magumu juu ya kukaa bure. Vincent aliumia. Kwa karibu mwaka mzima hawakuandikiana barua. Baba naye alifikia kusema kwamba mwanawe apelekwe Geel, mji wa Ubelgiji ambako wagonjwa wa akili walitunzwa.

Katika kiangazi cha mwaka 1880 Theo alimpelekea faranga 50. Vincent akaandika barua ndefu ya kushukuru. Alisema kuna mtu mvivu kwa sababu hataki kazi, na kuna mtu mwingine anayeonekana mvivu kwa sababu amefungiwa. Huyu wa pili alimfananisha na ndege aliye tunduni majira ya kujenga viota. Ndege anajua kuna kazi anayoiweza, lakini haioni ni kazi gani. Anagonga kichwa kwenye nyaya za tundu. Watu wakipita wanasema, mtazame mvivu yule, ana chakula, analalamika nini?

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka kijana aliyesimama mlangoni.

Muda mfupi baada ya barua hiyo Vincent alijua kazi yake. Wachimbaji alikuwa akiwachora kidogo kidogo, wanapokwenda mgodini alfajiri kwenye theluji. Sasa aliamua kwamba kuchora ndiyo kazi, na atajifunza kama fundi anavyojifunza. Alikuwa na miaka 27. Wachoraji wengi wa Ulaya wa siku zile walianza kujifunza ufundi huo wakiwa vijana zaidi.

Alijifunzaje? Hii ndiyo sehemu ambayo kijana wa ukutani lazima aisikie. Hakungoja mwalimu. Aliazima kitabu cha mazoezi cha mtu aitwaye Bargue, chenye karatasi 60 za mazoezi ya kuchora mwili wa binadamu. Akazinakili zote. Alipomaliza akaanza upya. Alimwandikia Theo ampelekee nakala za picha za Millet, Mfaransa aliyezaliwa katika nyumba ya wakulima na kuchora wakulima. Picha moja ya Millet ni ya mtu anayetembea shambani anarusha mbegu kwa mkono. Vincent aliinakili mara nyingi sana. Alichora katika chumba kidogo cha nyumba ya mchimbaji, ambamo watoto wa mwenye nyumba nao walilala.

Wewe uliyeanza kusoma ukiwa na wajukuu unajua jambo hili kuliko mimi. Mkono uliozoea jembe ukishika penseli unatetemeka. Unaandika "a" inatoka kama yai. Unafuta, unaandika tena.

Kabla ya hapo, mwaka huo huo, alikuwa amefunga safari ya kwenda Courrières, Ufaransa, mahali alipoishi mchoraji wa wakulima aitwaye Jules Breton. Fedha alizokuwa nazo ni faranga 10 tu. Alitembea kwa miguu siku nyingi. Usiku alilala mara katika gari bovu lililoachwa njiani, mara katika rundo la kuni, mara katika majani makavu. Alibadilishana michoro yake kwa vipande vya mkate. Alipofika aliona nyumba mpya ya matofali ya yule mchoraji. Aliiona haina ukarimu. Hakuthubutu kubisha hodi. Akageuka, akarudi alikotoka.

Nilipoelewa habari hiyo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mimi pia niliwahi kusimama nje ya ofisi moja asubuhi nzima, nikaondoka bila kuingia.

Aprili 1881 alirudi kwa wazazi wake, ambao sasa waliishi Etten. Huko aliwachora wakulima wanaolima kwa sepetu, wanaopanda, wanaokata nyasi, kina mama wanaomenya viazi. Mwanzoni watu wake walikuwa wagumu kama miti. Lakini Krismasi ya mwaka huo aligombana na baba yake juu ya kwenda kanisani, akaondoka. Mambo ya mjini The Hague nayapita haraka. Huko jamaa yake Anton Mauve, mchoraji hodari, alimfundisha rangi za mafuta, kisha wakakosana. Aliishi na mama mmoja maskini na watoto wake kwa zaidi ya mwaka, wakaachana. Vincent hakuwa mtu rahisi. Sitaki udhani namsimulia mtakatifu.

Hapa mzee wangu atauliza: chakula alipata wapi? Ni swali la haki, na jibu nalisema wazi. Alilishwa na Theo. Kila mwezi Theo alikata sehemu ya mshahara wake akampelekea kaka yake, faranga 100, baadaye 150. Hazikuwa fedha kidogo, zilizidi sana pato la mfumaji wa kijijini. Alinunulia chakula, rangi, karatasi, na aliwalipa watu waliokubali kukaa achorwe sura zao. Mara nyingi rangi ilikula chakula. Mwaka 1884 Vincent alitaka zisiwe sadaka. Wakaafikiana kwamba picha anazochora ziwe mali ya Theo badala ya fedha zile. Lakini kwa miaka ile Theo hakupata mnunuzi. Kama Theo asingekuwapo, nisingekuwa na habari ya kukuandikia.

Desemba 1883 Vincent alirudi tena kwa wazazi, ambao walikuwa wamehamia kijiji cha Nuenen. Alikuwa na miaka 30, hana fedha, ana ndevu nyekundu na nguo zilizochakaa. Katika barua kwa Theo alisema wazazi wanamwogopa kumpokea kama watu wanavyoogopa kuingiza ndani jibwa kubwa lenye manyoya na miguu iliyolowa.

Lakini nataka uone alivyofanya baba yule. Hakuelewa kazi ya mwanawe. Hakuipenda. Hata hivyo alimpa chumba cha kufulia nguo, nyuma ya nyumba, akiweke kiwe chumba cha kuchorea. Na Januari 1884 mama yake alipoanguka akavunjika mguu, Vincent ndiye aliyemuuguza, kwa mikono ile ile aliyoizoeza kwa wachimbaji.

Nuenen palikuwa na wakulima na wafumaji. Wafumaji walifuma vitambaa nyumbani mwao kwa mitambo ya mbao iliyojaza chumba kizima. Mwaka 1884 Vincent alikaa nao siku nzima, akiwachora wakiwa ndani ya mitambo kama watu waliofungwa kizimbani. Kisha majira ya baridi ya mwaka 1884 kuingia 1885 akaanza kazi kubwa. Alitaka kuchora watu jinsi wanavyokula jioni. Kabla ya kuchora chakula alichora nyuso. Alichora uso mmoja baada ya mwingine, wanaume na wanawake wa kijiji, zaidi ya nyuso 40. Hakuchagua wazuri. Alichagua walioungua kwa jua na upepo.

Tarehe 26 Machi 1885 baba yake alirudi kutoka matembezini, akaanguka mlangoni pa nyumba, akafa. Walikuwa hawajapatana sawasawa. Hakuiona picha kubwa ya mwanawe.

Picha hiyo ilichorwa mwezi uliofuata, Aprili 1885. Inaitwa Walaji wa Viazi. Nitakueleza ilivyo, maana gazetini hapa haitaonekana vizuri. Ni jamaa ya De Groot, wakulima wa Nuenen, wamekaa kuizunguka meza. Wako watano. Taa moja ya mafuta inaning'inia juu. Katikati ya meza kuna sahani kubwa ya viazi vilivyochemshwa, mvuke unatoka. Mwanamume na mwanamke wanachoma viazi kwa uma katika sahani hiyo moja. Mama mtu mzima anamimina kahawa. Msichana ametupa mgongo. Kuta ni nyeusi kwa moshi. Mikono yao ni mikubwa, ina mafundo kama mizizi.

Vincent alieleza nia yake katika barua kwa Theo. Alitaka anayetazama aelewe kwamba watu hawa wameichimba ardhi kwa mikono ile ile wanayoipeleka kwenye sahani, na chakula hicho wamekipata kwa haki. Hakutaka watu wa mjini waione picha na kusema, inapendeza. Nyuso hizo mwanzoni alizichora kwa rangi ya ngozi. Hakuridhika. Akazipaka upya kwa rangi ya kiazi chenye vumbi, kisichomenywa.

Mimi nimekula viazi katika nyumba nyingi kwa sababu ya kazi yangu. Najua sahani moja, taa moja, na ukimya wa watu waliochoka. Picha ile ina jambo hilo. Tena nimetazama viazi vyenyewe: ni vidogo. Mwaka ule huenda mavuno hayakuwa mazuri, au vikubwa viliuzwa.

Je, watu waliipokeaje? Rafiki yake Van Rappard, mchoraji mwenzake wa miaka mitano, aliona nakala yake. Akaandika barua kali. Alisema mwanamume wa kulia hana goti wala tumbo, mkono wake ni mfupi kupita kiasi, na mkono wa mama anayemimina kahawa ni wa uongo. Kusema kweli, Van Rappard hakukosea yote. Ukipima, mkono ule ni mfupi. Ni kama ng'ombe wetu wa ukutani na miguu yake. Vincent aliikunja barua ile akamrudishia mwenyewe. Urafiki wao ukafa mwaka huo.

Likaja na jambo lingine. Binti wa nyumba ile ya De Groot alipata mimba bila kuolewa, na watu wakasema ni Vincent. Yeye alikana. Padri wa kijiji aliwakataza waumini wake kukaa kuchorwa na mtu huyu, na Vincent aliandika kwamba waliahidiwa hata fedha ili wakatae. Wakaogopa. Mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa. Hapo akachora vitu visivyoweza kukatazwa na padri: vikapu vya viazi, na vile viota vya ndege.

Novemba 1885 aliondoka. Hakurudi tena Uholanzi.

Mambo yaliyofuata yanajulikana na wengi, nami nayasema kwa ufupi. Ufaransa alijifunza rangi zinazong'aa, akachora alizeti, mashamba ya ngano na mpanzi anayerusha mbegu chini ya jua kubwa la njano. Ugonjwa wa akili ulimpata mara kwa mara. Alikufa tarehe 29 Julai 1890, ana miaka 37. Picha alizouza alipokuwa hai ni za kuhesabu kwa vidole. Theo alikufa Januari 1891. Mjane wa Theo, Jo, ndiye aliyezihifadhi picha na barua, akazionyesha kwa watu mpaka wakazielewa. Leo Walaji wa Viazi wako Amsterdam, katika nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya kazi za Vincent. Mwaka 1887, akiwa Paris na amekwisha kujua rangi mpya, alimwandikia dada yake kwamba picha ile ya wakulima na viazi vyao ndiyo bora kuliko zote alizochora.

Na zile nyingine za Nuenen? Mama yake alipohama alizitia masandukuni, akayaacha kwa seremala mmoja mjini Breda. Seremala alichoka nayo. Akayauza kwa mchuuzi wa vitu vikuukuu. Mchuuzi alizipakia picha juu ya mkokoteni, akaziuza kwa senti chache. Nyingine ziliharibiwa.

Basi, mzee wangu, hilo ndilo jibu langu, na unaona halina ndiyo wala hapana. Mimi sijui kama mwanao ni Vincent. Wako wengi walioacha duka la mjomba na hawakuchora chochote cha maana. Ninalolijua ni mgongo wako pale ukutani. Nitakuja baada ya maharage kuvunwa. Nitaleta karatasi, maana mvua za vuli zikianza mkaa ule utaosheka. Shamba ni lako, na mwanao alime asubuhi kama wengine. Ila jioni, ukiweza, kaa kitini kidogo usitikisike, akuchore. Na wewe kijana, ile miguu ya ng'ombe irudie. Nenda zizini ukaitazame.

Mwezi ujao tutarudi kwenye ghala. Wengi mmeniandikia juu ya dumuzi. Nitajibu.